Shimo Chini ya Jumba la Frimasoni

Jumamosi ile Msafiri alipanga viti kumi na viwili, ingawa alijua fika kwamba havitapata wa kuvikalia. Alivipanga kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa mwaka alioandikwa kazi, na mkono uliokwisha kuzoea hauulizi sababu. Masika yalikuwa yameshika. Njia ya Muheza ilikuwa tope tupu, na kila gari lililopita mbele ya jumba lilipita bila kupunguza mwendo. Ilipotimu saa kumi na nusu walikuwa wamefika Wazungu watano na Bwana Dinshaw, Mhindi Mparsi aliyekuwa akiuza vipuri vya mashine za mkonge. Jumla yao sita.

Kanuni ya chama chao cha Frimasoni ilikuwa watu saba. Wakipungua saba, hawafungui kikao. Msafiri hakuwa mmoja wao, wala hakupata kuwa ndani ya ukumbi mlango ukishafungwa, lakini miaka ishirini na saba ya kuwachemshia chai na kuwafutia vumbi aproni zao za ngozi ilikuwa imemfunza hesabu hiyo kuliko baadhi ya wenyewe.

Bwana Pirie, katibu wao, alisimama barazani akitazama barabara. Alikuwa Mskochi mrefu, mzee sasa, aliyekuja Tanga kijana kushughulikia meli za watu bandarini na hakupata kuondoka.

"Labda yule wa Amani amekwama njiani," alisema Dinshaw.

"Mwezi jana pia tulisema amekwama njiani," Pirie alijibu.

Walikunywa chai wamesimama, kama watu waliokuja kwenye msiba wasioujua vizuri, kisha mmoja mmoja wakaingia katika magari yao wakaenda zao. Huo ulikuwa mwezi wa tatu mfululizo. Msafiri alirudi ukumbini na misuli yake yenye maumivu, akavibeba viti viwili viwili hadi ukutani, halafu akaenda kumwaga maji ya mabeseni. Paa lilikuwa likivuja mahali pengi hata mabeseni ya jikoni hayakutosha, akaongeza na sufuria.

Jumba lenyewe lilikuwa zuri, asiyekubali ni mwongo. Kuta za mawe na chokaa, nene kiasi kwamba ndani mlikuwa na ubaridi hata mwezi wa Februari. Milango ya mvule. Na sakafu ya marumaru nyeusi na nyeupe iliyokuja kwa meli kutoka Ulaya ikiwa imefungwa kwa majani makavu. Lilisimama peke yake kandokando ya mji, upande wa kutokea Chumbageni, na madirisha yake hayakufunguliwa. Wenyewe hawakutaka kutazamwa wanapokuwa katika mambo yao.

Watu wa Tanga waliliita jumba la mumiani. Walisema humo ndani Wazungu hunyonya damu za watu ili zifanywe dawa, na kwamba chini ya ile sakafu ya marumaru lipo shimo. Ukikanyaga jiwe jeusi, linafunguka, na wewe huonekani tena. Habari hii ilijulikana Ngamiani yote, Mabawa, Pongwe, hata Pangani ilifika. Ni wachache sana waliojua ilianzia wapi. Msafiri alijua, kwa sababu ilianzia kinywani mwake.

Ilikuwa mwaka wa thelathini na tatu. Wezi walivunja mlango wa jikoni wakachukua vijiko vya fedha na karabai mbili. Katibu wa wakati huo, mtu mkali, alimwambia Msafiri kwamba ikitokea tena atafute kazi kwingine. Msafiri alikuwa na mke kijana na mtoto wa miaka miwili. Jioni yake akaenda kwenye baraza ya kahawa Ngamiani, akakaa kimya mpaka alipoulizwa habari za wizi.

"Wana bahati wale," alisema. "Wangesogea hatua mbili kuingia ukumbini, wangeshuka shimoni."

"Shimo gani?"

"Mimi sikusema neno." Akanywa kahawa yake, akaweka kikombe, akaondoka.

Basi. Hakuongeza kitu, wala hakuhitaji. Wengine waliongeza. Shimo likapata kifuniko, kifuniko kikapata gurudumu la kukizungushia, na kila aliyetoweka mjini, hata aliyekimbilia Mombasa kwa kuogopa wadai wake, akahesabiwa kuwa yumo shimoni. Toka siku hiyo mwizi hakukanyaga tena. Kuku wa jirani akiingia uani, mwenyewe alimsamehe. Msafiri alilala usingizi wake bila mbwa wala rungu, na watu wakawa wanampisha njiani. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiona raha, tusifiche.

Raha hiyo ilikwisha mwaka wa arubaini na tisa. Binti yake Asmahani alikuwa ameposwa na kijana wa Pangani, fundi cherehani, watu wenye heshima. Siku tatu kabla ya kupeleka mahari, alikuja mjomba wa yule kijana, akakaa ukingoni mwa kiti, akakataa hata maji ya kunywa. Alisema familia imeshauriana na imeona haifai. Hakusema sababu. Lakini macho yake yalikuwa yakitazama mikono ya Msafiri, kama anayetafuta damu. Mwaka uliofuata Asmahani akaolewa Maramba, na mkulima mjane aliyemzidi miaka kumi na tano. Mwamvua, mkewe Msafiri, alimwambia mumewe jambo hilo mara moja tu, wakiwa wanakunja mikeka baada ya harusi. "Ulimi wako, Baba Asmahani," alisema. Kisha hakulirudia.

Sasa, mwezi wa Aprili wa masika yale yale ya viti vitupu, boriti moja ya paa ilianguka juu ya kiti cha mkuu wa chama, mchana, ukumbi ukiwa mtupu. Kiti kilipasuka katikati. Pirie akamwita Fanueli, seremala Mshambaa kutoka Lushoto, apime hali. Fanueli alipanda ngazi, akagonga boriti moja baada ya nyingine kwa mpini wa nyundo, akashuka na kichwa kimejaa unga wa mchwa.

"Mzee Msafiri," alinong'ona, "mwambie Bwana wako. Paa hili linashikiliwa na rangi tu."

Pirie hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Kwa mwaka mzima alikuwa akizunguka kwenye mashamba ya mkonge kutafuta wanachama wapya. Alirudi kila mara na shati lililoloa jasho na maneno yale yale. Vijana wa siku hizi, alisema, wanataka klabu yenye bia na uwanja wa tenisi. Mambo ya kukaa na wazee katika nyumba iliyofungwa madirisha wanayaona ni mambo ya babu zao. Mmoja alijiunga, akahudhuria miezi miwili, akahamishiwa Kenya. Mwingine alikubali, kisha mkewe akamkataza. Na wale wa zamani walikuwa wakipungua kwa njia ambayo hakuna katibu anayeweza kuizuia: wawili walikuwa makaburini, watatu walikuwa wamerudi kwao kungoja zamu yao.

Hata Dinshaw aliingia kwa njia hiyo. Miaka minane aliomba wakamkataa, na kila mtu alijua ni kwa sababu ya rangi yake. Viti vilipozidi watu ndipo walipomfuata nyumbani kwake. Alikuja. Hakuwakumbusha hata siku moja.

Katikati ya Mei walifika wanane. Yule wa Amani, mtaalamu wa miti, aliletwa kwa lori la kazi akitembelea fimbo. Walifunga mlango, na safari hii hawakukaa sana. Walipotoka Msafiri aliona nyusoni mwao kile anachokiona kwa watu waliokwisha kumzika mgonjwa wa siku nyingi: huzuni na nafuu pamoja.

Pirie alimwita barazani, akamwonyesha kiti. Katika miaka yote ile hakuwahi kumwonyesha kiti.

"Msafiri, sisi tumekwisha," alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Wenye nguvu watajiunga na wenzetu wa Moshi. Mimi sina nguvu ya kwenda Moshi kila mwezi. Na nyumba hii hatuiwezi."

"Mtaiuza, Bwana?"

"Mfanyabiashara mmoja anaitaka avunje achukue mawe na mbao. Lakini Dinshaw ana shauri lingine. Anasema itolewe iwe nyumba ya wazazi. Wanawake wa Mabawa na Ngamiani wajifungulie hapa. Paa atatengeneza yeye. Serikali iko tayari kuleta mkunga mwenye cheti, lakini kwanza wanawake wenyewe waseme wataitumia. Waweke vidole kwenye karatasi, hata thelathini, mpaka mwisho wa Juni." Akamtazama. "Wewe unawajua watu. Na ikiwa hivyo, chumba chako cha uani kitabaki chako."

Msafiri alisema ndiyo, Bwana. Alipoinuka, magoti yake yalilia kama mlango.

Kesho yake akaenda Mabawa kwa Bi Kijakazi. Huyo ndiye aliyekuwa mkunga wa mitaa ile tangu zama za Mjerumani. Nusu ya watu wazima wa Mabawa walipokewa na mikono yake, na mwanamke hakwenda popote kujifungua bila ya neno lake. Alimkuta ukumbini kwake akisuka ukili.

"Shikamoo, Bi Kijakazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mbona umekonda?"

Akamweleza yote: chama kinavunjika, jumba linatolewa, paa litapigwa jipya, mkunga wa cheti ataletwa amsaidie. Bi Kijakazi alisuka mpaka maneno yakaisha. Kisha akacheka, kicheko kidogo kisicho na ubaya.

"Nizalishe watoto wa watu juu ya shimo la mumiani?"

"Hakuna shimo, Bi."

"Hakuna! Marehemu mume wangu alikuwepo kwenye kahawa ulipolitaja. Alikuja nyumbani akitetemeka, akanikataza kupita njia ile."

"Niliongopa." Neno hilo lilikuwa zito kulitoa kuliko alivyofikiri. "Wezi walikuwa wameiba, nikaogopa kufukuzwa kazi. Nikatunga. Wallahi, Bi Kijakazi, hakuna kitu. Ni viti na meza tu."

Bi Kijakazi akaacha kusuka. Alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomvunja nguvu Msafiri.

"Mwanangu, wakati ule ulikuwa kijana na hukuwa na faida ya kusema uongo. Leo wamekuahidi chumba, unasema halipo. Mimi nisadiki lipi?"

Msafiri alisimama, akaaga. Jibu lilikuwepo lakini lilikuwa refu, naye alikuwa amechoka.

Kwa wiki tatu alizunguka. Alikwenda kwa mama Chiku, muuza mihogo, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma ya lelemama. Alikwenda kwa wake wa wavuvi, kwa wake wa makuli wa bandarini, kwa Benedikta, mke wa karani wa shamba la mkonge, ambaye alimsikiliza kwa adabu kisha akamwambia kuwa padri wao amekataza kabisa mambo ya Frimasoni, na hajui kama katazo linakwisha wenyewe wakiondoka. Kila mahali alikaribishwa, akapewa maji, akaambiwa kwaheri. Watoto walimfuata nyuma kwa mbali. Siku moja alimsikia mwanamke akimwambia mwenzake dirishani, "Sasa wanataka na watoto wachanga," akajua kuwa habari ile, ambayo yeye aliizaa ndogo kama punje, bado inaendelea kukua hata siku hiyo hiyo, na safari hii inakula maneno yake mwenyewe.

Alirudi nyumbani adhuhuri, akajilaza kwenye kitanda cha kamba bila ya kula. Mwamvua alimwekea chakula, akakiangalia kikipoa, mwishowe akasema:

"Baba Asmahani, mimi nimekaa uani hapa miaka ishirini na saba. Ukumbi huo sijauona."

"Hukuomba kuuona."

"Niliogopa."

Msafiri aliinua kichwa. "Wewe? Wewe unajua kwamba nilitunga."

"Najua. Na niliogopa vilevile." Akajifunga kanga vizuri. "Chukua ufunguo. Nifungulie."

Wakaingia. Mwamvua alivua ndara mlangoni kama anayeingia msikitini, akasimama juu ya jiwe jeupe. Alikaa hapo kitambo. Halafu akanyoosha mguu, akalikanyaga jeusi, kwanza kwa kidole gumba, kisha kwa unyayo mzima. Hakikutokea kitu. Akatembea mpaka mwisho wa ukumbi, akagusa viti, akatazama mahali boriti ilipodondokea, akarudi.

"Hakuna kitu," alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeibiwa. "Kwa hiki mwanangu alikataliwa?"

Msafiri aliinama, akapangusa unga wa mchwa juu ya jiwe jeusi.

"Maneno hayatawatosha," Mwamvua aliendelea. "Mimi nilikuwa nayo maneno. Wavunjie sakafu waone."

Kumwomba Pirie ruhusa hiyo ilikuwa kazi. Yule mzee alikuwa ofisini kwake bandarini akifunga vitabu vya chama katika kasha. Sakafu ile, Msafiri alijua, kwao haikuwa sakafu tu. Walikuwa na heshima yao juu yake, hata kuifagia alifundishwa namna ya kuifagia. Alieleza kwa nini anataka kuivunja. Kwa kueleza hivyo ilimbidi aseme ni nani aliyelizua shimo.

Pirie aliweka mkono wake juu ya kasha.

"Tulijua," alisema.

"Mlijua, Bwana?"

"Mwaka ule ule. Boi wa katibu alisikia sokoni akatueleza. Tulicheka sana. Tukasema, ni mlinzi asiyelala, tumwache." Akafunga kasha, kitasa kikakataa, akakisukuma tena. "Hatukufungua dirisha hata moja. Dinshaw ananiambia kuna Wahindi watatu, wanne, ambao wangejiunga, wake zao walikataa kwa sababu ya shimo hilo. Sikujua hayo mpaka juzi." Akapunga mkono. "Chimba, Msafiri. Chimba unavyotaka."

Siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, Fanueli na Msafiri walianza kwa madirisha. Yalikuwa yameshikana kwa rangi na unyevu, ikabidi yapigwe nyundo. Mwanga ulipoingia, ukumbi ulionekana mdogo kuliko Msafiri alivyoudhania kwa miaka yote. Kuta zilikuwa na ukungu, na kitambaa cha bluu cha ukutani kilichokuwa fahari yao kilikuwa kimepauka. Milango yote ikaachwa wazi. Mwamvua aliingia, akatandika mkeka katikati, akakaa, ili wa nje waone mwanamke ameketi humo.

Watu walikusanyika upande wa pili wa barabara. Walikuwa wengi, labda mia, wamesimama kwa utulivu kama wanaongoja jeneza litoke. Fanueli alichomeka mtaimbo, jiwe la kwanza jeusi likang'oka kwa mlio, na umati wote ukarudi nyuma hatua moja.

Wakachimba. Chini ya marumaru palikuwa na chokaa, chini ya chokaa kokoto, chini ya kokoto mchanga mwekundu, halafu matumbawe. Walitoa maganda ya chaza na shingo ya chupa. Ilipofika adhuhuri Msafiri alikuwa ndani mpaka kiunoni, jasho linamtiririka machoni, mgongo unawaka, na bado anachimba ingawa Fanueli alimwambia inatosha. Aliona kwamba akiacha, mtu atasema lilikuwa chini kidogo tu.

Ndipo Bi Kijakazi akavuka barabara. Alikuja polepole na mkongojo wake, peke yake, mama Chiku akimwita nyuma asiende. Aliingia bila kusita, akaketi ukingoni mwa lile shimo jipya karibu na Mwamvua, akachota mchanga mkono mmoja, akaunusa, akauachia umwagike katikati ya vidole.

"Mchanga," alisema.

"Ndiyo, Bi."

"Hukuniongopea safari hii."

"La, Bi."

"Nisamehe." Akageuka kuelekea mlangoni akapaza sauti: "Hakuna kitu! Njooni mwone, ni mchanga!"

Walivuka watu kama kumi na tano, wengi wao wanaume. Walichungulia, wakatikisa vichwa. Na kutoka barabarani, sauti ya mtu asiyeonekana ikajibu, "Basi wamelihamisha." Watu wakacheka kidogo, kisha hawakucheka. Wakaanza kutawanyika.

Bi Kijakazi alikaa mpaka Msafiri alipopanda juu na kupewa maji.

"Nitaweka kidole changu kwenye karatasi yenu," alimwambia. "Lakini nikwambie kweli. Mimi nimeona, na nimesadiki. Ila mwanamke mwenye uchungu haendi mahali kwa ushahidi. Huenda mahali moyo wake unapotulia. Akiingia hapa na hofu, mtoto hashuki. Nimeyaona hayo. Ungenipa miaka kumi, ningezalisha wajukuu zangu hapa kwanza, watu wangezoea."

"Wametupa mpaka mwisho wa mwezi."

"Basi," alisema Bi Kijakazi, na akaomba anyanyuliwe.

Karatasi ilipata vidole vitano: cha Bi Kijakazi, cha Mwamvua, vya wajukuu wawili wa Bi Kijakazi, na cha mama Chiku, aliyekuja mwenyewe siku ya mwisho, saa za jioni, akakiweka bila kusema kitu. Dinshaw aliipokea, akaisoma mara mbili, akaikunja akaitia mfukoni. Alimshika Msafiri bega. Julai mfanyabiashara alileta vibarua, wakaanza kuteremsha bati.

Jumba lile lilikwisha kwa wiki nne. Ajabu ni kwamba mawe yake hayakumtia hofu mtu yeyote. Watu wa Mabawa waliyanunua kwa mikokoteni, wakajengea misingi na vyoo, na marumaru nyeusi na nyeupe zikaonekana kwenye baraza za watu Barabara ya Kumi na Mbili, wanawake wakisukia nywele juu yake. Pirie alikuja mara moja tu kutazama. Alikaa ndani ya gari bila kuzima injini. Baadaye Msafiri alisikia amehamia kwa dada yake, huko kwao kwenye baridi.

Chumba cha uani kilikuwa cha mwisho kuvunjwa. Msafiri na Mwamvua walifunga vitu vyao katika mashuka mawili wakapanda lori la kwenda Maramba, kwa binti yao. Mkwe aliwapokea kwa heshima, akawapa chumba kilichokuwa cha kuwekea mahindi, akawapigia lipu mpya kwa mikono yake. Alikuwa mtu mwema yule mkulima. Msafiri hakuwahi kusema vinginevyo.

Wiki ya pili, asubuhi, mkwe alikuwa shambani na Mwamvua amekwenda kisimani na wajukuu. Asmahani alikuwa uani akipukuchua mahindi, mwili wake mzito, mimba ya nne. Msafiri aliketi karibu naye, akachukua gunzi, akaanza kumsaidia. Alipukuchua magunzi matatu kabla ya kusema.

"Mwanangu. Habari ya jumba lile, habari ya shimo. Mimi ndiye niliyeitunga."

Mikono ya Asmahani iliendelea. Punje zilikuwa zikidondoka ungoni.

"Wezi walikuwa wameiba," alisema Msafiri. "Ulikuwa na miaka miwili. Nikasema neno kwenye kahawa. Wale watu wa Pangani..."

"Nimesikia, Baba."

"Mama yako alikwambia?"

"Hakuniambia mtu. Nimesikia sasa." Akaweka gunzi tupu kando, akachukua jingine, hakulipukuchua. Alilishika tu. Kuku walikuja karibu na ungo, hakuwafukuza.

"Hamadi," alisema. Hilo lilikuwa jina la yule fundi cherehani. Msafiri hakuwa amelisikia kwa miaka saba. "Alikuwa ameshanipima gauni. Kwa macho tu, maana hakuruhusiwa kunisogelea. Akalishona. Likanikaa."

Msafiri alitaka kusema nisamehe, lakini neno hilo aliliona dogo mno, akalimeza. Alingoja alie, au aseme neno kali, naye alikuwa tayari kulipokea. Angalau lingekuwa kitu. Asmahani hakulia. Alivuta pumzi ndefu, akaegemeza mkono mgongoni kama wafanyavyo wajawazito, akanyanyuka kwa taabu.

"Maji yako ya kuoga yamechemka," alisema. "Nenda kabla hayajapoa. Mimi nitamalizia haya."

Akamwangalia baba yake jinsi alivyokuwa akihangaika kusimama, mkono mmoja chini, mmoja gotini. Akasogea, akamshika kwapani, akamwinua.